Viwanja Vitatu vya Mjimwema: Namna ya Kuzunguka Baa za Songea Bila Kupoteza Jina

Ukiagiza bia Songea, mhudumu haondoki mezani kabla hajakuuliza: "Ya moto au ya baridi?" Mgeni aliyezoea joto la Dar es Salaam hucheka. Nani anakunywa bia ya moto? Mwache akae kidogo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai baridi humfanya mtu mzima akunje mikono kwapani kama mtoto aliyetoka kuoga. "Ya moto" ni ile iliyotoka kreti moja kwa moja bila kupita friji, na kwa hali ya hewa ya hapa imeshapoa yenyewe. Ikifika chupa ya pili, yule aliyecheka ataagiza ya moto.

Mwongozo huu ni wa marafiki wanaotaka kuhama viwanja ndani ya Mjimwema, Manispaa ya Songea: kuanzia hapa, kuendelea pale, kumalizia kule. Sitakutajia majina ya baa. Baa hubadili mmiliki, jina na mchoma nyama kabla rangi ya ukuta haijakauka, na orodha ya leo itakudanganya mwakani. Nitakueleza namna ya kuchagua pa kukaa, namna ya kulipa, na namna ya kuondoka.

Kuondoka ndiko kwenye kazi. Songea si mji wa kupotelea. Mhudumu uliyemfokea usiku utakutana naye asubuhi kwenye benchi la Kituo cha Afya Mjimwema, amempakata mwanawe, na huenda ukagundua yeye mwenyewe ni mtoto wa mama mwenye nyumba wako. Kwa hiyo usipime matembezi haya kwa idadi ya chupa. Pima kwa hili: je, kesho mchana utaweza kupita njia ileile bila kuvuta kofia usoni?

Halafu kuna jambo dogo la kumalizana nalo mapema. Mjimwema ziko nyingi. Njombe wanayo yao, Kigamboni wanayo yao. Kama kuna rafiki anakuja kwa basi kupitia Makambako, usimwandikie tu "tukutane Mjimwema," maana basi lake litapita Njombe kabla ya kufika kwenu, naye anaweza kushukia huko.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tokeni watatu au sita. Bajaji inaruhusiwa kubeba abiria watatu. Mkiwa wanne, mmoja atabaki barabarani usiku akisubiri bodaboda, na huyo ndiye atakayepotea. Sita ni bajaji mbili na meza moja ya kuunganisha. Zaidi ya hapo ni mkutano wa hadhara, na kila kiwanja mtakachoingia mtakuta viti havitoshi.

Chagueni siku kwa akili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi baa hujaa na nyama huchelewa. Mahindi yakishavunwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukaanza kununua, fedha huzunguka mjini na muziki huongezwa sauti. Ukipenda kelele, huo ndio msimu wako. Ukipenda mazungumzo, njoo siku ya Alhamisi. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, njia za ndani ya mtaa huwa tope, kwa hiyo viatu vyeupe viache. Na mwishoni mwa Februari mji huwa katika kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji, walionyongwa na Wajerumani hapa Songea mwaka 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji unabeba jina lake. Kunywa mnaweza kunywa, lakini siku hizo si za kupita mitaani mkiimba.

Kubalianeni fedha kabla ya koo kulowa. Watu wengi huharibikiwa hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mila ya raundi ni nzuri mkiwa wawili. Leo mimi, kesho wewe. Mkiwa sita, raundi ni mtego: kila mmoja akitaka kuonekana muungwana na kununulia meza nzima mara moja, kila mtu atakuwa amekunywa chupa 6, yaani lita 3 za bia, hata yule aliyekuja kwa chupa 2 tu. Na hakuna anayethubutu kuondoka kwenye raundi ya nne, maana bado ya tano na ya sita hazijatoka na wenyewe wataona amewakimbia.

Changeni. Tuseme kila mtu anatoa Sh20,000; sita mna Sh120,000. Mchagueni mshika fedha mmoja, ikiwezekana yule asiyekunywa au anayekunywa taratibu. Kitu cha kwanza atenge nauli ya bajaji mbili za kurudi na aiweke mfuko mwingine, asiiguse hata mkimpigia magoti. Cha pili atenge ya nyama. Kinachobaki ndicho cha vinywaji, na kikiisha, safari imeisha. Abebe noti ndogondogo pia. Baa nyingi siku hizi zina lipa namba ukutani, lakini mtandao una tabia ya kugoma saa ileile mnayotaka kuondoka.

Anza mbali, malizia karibu

Viwanja vitatu vinatosha. Cha nne huwa hakikumbukwi na mtu.

Panga njia kinyume na wanavyofanya wengi. Watu huanza baa ya jirani na nyumbani, kisha kadiri wanavyolewa ndivyo wanavyosogea mbali, mpaka saa 6 usiku wanajikuta upande wa pili wa mji, simu imezima, na dereva wa bodaboda anawatajia nauli kwa kuwaangalia macho. Geuza. Jua likiwa bado lipo, nenda kiwanja cha mbali zaidi kwa miguu. Kila mnapohama, sogeeni upande wa nyumbani. Kiwanja cha mwisho kiwe pale ambapo mlinzi anawajua kwa majina na mtu akichoka anaweza kusindikizwa.

Na tembeeni. Mwendo wa dakika 10 au 15 kati ya kiwanja na kiwanja ndio nusu ya starehe: hapo ndipo hadithi iliyoanzia mezani humaliziwa, na hapo ndipo mtu hugundua kama miguu yake bado inamtii. Mkipita katikati ya nyumba za watu, shusheni sauti. Wengine wana wagonjwa, wengine wana watoto wa mitihani.

Kiwanja cha kwanza: kilabuni, saa 10 jioni

Kabla ya chupa kulikuwa na komoni. Hii ni pombe ya nafaka ya Nyanda za Juu Kusini, hutengenezwa kwa mahindi na kimea, mara nyingi cha ulezi. Ni nzito, ina uchachu, na inashibisha. Mtu aliyekunywa lita moja kwenye tumbo tupu huhisi kama amekula uji na kugombana nao. Wapishi wengi ni akina mama, na kwa wengi wao ndiyo ada ya shule na ndiyo mbolea ya msimu ujao.

Kilabu huanza mapema kuliko baa na huchangamka mapema, ndiyo maana nakiweka mwanzoni. Ukiingia, salimia wote, si marafiki zako tu. Wazee waliokaa kwenye benchi wapewe shikamoo kabla hujauliza bei. Usichague kiti cha pembeni kilicho wazi bila kuuliza. Huenda kina mwenyewe tangu kabla hujazaliwa. Mzee akikuanza kwa utani, pokea. Akikuuliza kwenu wapi, jibu vizuri, maana hapo anatafuta kama wewe ni mtani wake au mjukuu wake, na jibu lako litaamua utachekwa kwa namna gani.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, komoni haisubiri: inaendelea kuchacha ndani ya dumu, na ya jana ni kali kuliko ya leo. Uliza imepikwa lini, mama hatakasirika. Pili, kuzungusha kopo moja mdomo hadi mdomo ni desturi ya upendo, lakini kipindupindu hakijui upendo. Nunua lita yako, omba kopo lako, mwagie jirani kwenye lake.

Msimu wa mvua utasikia pia habari za ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa zaidi upande wa Njombe na Iringa. Ukiwa mbichi ni mtamu kama juisi na huponza wageni. Ukikaa, unageuka.

Mtu akikunong'oneza kwamba kuna gongo nyuma ya nyumba, mwambie asante, umechelewa. Gongo ni haramu kisheria, na ubaya wake unaanzia kwenye utengenezaji: hakuna anayejua kilichomo kwenye chupa ile, na methanoli inayoweza kuwamo hupofusha macho na kuua.

Kilabuni kaeni saa moja, isizidi moja na nusu. Lita moja kwa watu wawili inatosha kujua ladha.

Kiwanja cha pili: grosari, saa 12 jioni

Mgeni kutoka nje hushangaa kuambiwa "twende grosari" akakuta bia badala ya mboga. Grosari yetu ni chumba kimoja chenye kaunta yenye nondo, friji moja, kreti zilizopangwa ukutani na viti vya plastiki chini ya mti au kibanda. Ni baa isiyojidai. Hapa ndipo mtaa unapopitisha habari: nani anahama, mbolea imefika lini, na kwa nini Majimaji, timu ya mpira ya Wanalizombe, haipo tena mahali ilipostahili kuwa. Kwenye hilo la mwisho sikiliza zaidi kuliko kusema, hasa kama wewe ni wa Simba au Yanga.

Namna ya kuijua grosari nzuri: angalia kama choo kina mlango unaofungwa, kama kuna maji ya kunawa, na kama kuna wanawake wateja waliokaa kwa amani bila kusumbuliwa. Vitu hivyo vitatu vikiwepo, mmiliki anajali. Visipokuwepo, kunyweni soda moja msonge mbele.

Bia yako iletwe ikiwa imefungwa na ifunguliwe mbele ya macho yako. Ikishafunguliwa usiiache peke yake. Ukienda msalani, mkabidhi mwenzako, na kama hukumkabidhi mtu, agiza nyingine. Si dharau kwa mtu yeyote. Dawa za kulevya kwenye vinywaji huwekwa na wanaume kwa wanawake, na pia huwekewa wanaume wenye simu nzuri.

Chupa tupu ziacheni mezani mpaka bili ihesabiwe. Ndizo stakabadhi zenu. Afadhali zaidi, lipeni kila mnapoagiza. Katika baa nyingi mhudumu huchukua vinywaji kaunta kwa jina lake, na meza ikikimbia bila kulipa, yeye ndiye anayekatwa. Nimewahi kuwa kwenye meza ambayo kila mmoja alidhani mwenzake amelipa. Tuliporudi kesho yake jioni tukiona aibu, dada yule alikuwa ameshafidia kutoka kwenye mshahara ambao wala haukuwa mkubwa. Alipokea fedha yake, akatabasamu, na mara zote baada ya siku hiyo alitutaka tulipe kwanza. Alikuwa na haki.

Mwite "dada" au "kaka", au muulize jina ulitumie. Kumpigia mluzi, kumgongea chupa mezani, kumshika mkono: hayo hayafanywi. Anauza vinywaji, na tabasamu ni sehemu ya kazi yake kama lilivyo la karani wa benki.

Ikitokea meza nyingine imewaletea ofa, inueni chupa, shukuruni kwa sauti. Hamlazimiki kurudisha papo hapo. Mkifanya hivyo mmeanzisha mashindano. Ukitaka kukataa kinywaji bila kumvunjia mtu heshima, maneno "niko kwenye dawa" hayajawahi kupingwa Tanzania nzima. Na katika kundi lenu akiwepo wa soda, mwacheni na soda yake. Huyo ndiye mtakayemuuliza kesho mlisema nini.

Hesabu ya chupa

Chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina kilevi halisi mililita 25, kama gramu 20 hivi. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake bia moja inahitaji kati ya saa 2 na 3 kutoka mwilini, na hakuna kahawa, ndimu wala maji ya baridi ya kichwani yanayoiharakisha. Wanawake wengi, na watu wenye miili midogo, hulewa mapema zaidi kwa chupa ileile.

Pombe kali ndipo hesabu inapowatoroka watu. Chupa ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 35 inakaribia bia 3, na inaingia mfukoni. Tangu viroba vya plastiki vipigwe marufuku tarehe 1 Machi 2017, angalau kuna chupa ya kuonekana; lakini bado mtu akichanganya na soda tamu hajui anakunywa nini. Kanuni yangu ni rahisi: kiwanja kimoja, chupa moja, na maji kati ya chupa na chupa. Baridi ya Songea hudanganya: hutahisi kiu, lakini mwili unakauka.

Dereva asiguse kabisa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, lakini usiku barabara ya vumbi isiyo na taa, yenye baiskeli isiyo na taa, haina kikomo chochote. Gari libaki nyumbani. Na dereva wa bodaboda mtazame kabla ya kupanda. Ukimkuta na chupa yake, yeye naye yuko kwenye matembezi.

Kiwanja cha tatu: baa yenye jiko, saa 2 usiku

Sasa ni saa ya kula. Wakubwa wa mambo haya husema ungekula mapema, nao wanasema kweli: angalau mishikaki miwili pale grosari. Lakini mlo wenyewe ni hapa, kwenye moto.

Agiza nyama mara tu mnapokaa, kabla ya kinywaji, maana kilo ya mbuzi inaweza kuchukua saa nzima. Nenda mwenyewe hadi buchani, chagua kipande, kione kikipimwa, muulize mchomaji bei pamoja na ndizi na kachumbari. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kinapendwa sana Songea, lakini kabla ya kukiagiza uliza meza. Mji huu una Waislamu na Wakristo, wengi wao ndani ya ukoo mmoja, na kuna wanaokunywa bia lakini mdudu hawamgusi. Kama mmoja wenu hali, agizeni mbuzi au kuku wa kienyeji kwa wote, au sahani mbili zisizogusana na kisu chake kila moja. Ukibahatika kukuta samaki wa Ziwa Nyasa, mbasa au mbelele, aliyepanda mlima kutoka Mbamba Bay, ahirisha nyama.

Kukiwa na mchezo wa pool, ingia kwenye foleni kama wengine na usicheze kwa fedha na watu usiowajua. Yule anayekosea mipira mitatu ya kwanza kwa makusudi anajulikana na baa nzima isipokuwa wewe.

Muziki ukiwa juu, msishindane nao kwa kupiga kelele. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limekuwa likifungia baa kwa kelele, na malalamiko huanza kwa jirani mmoja asiyelala. Saa za kufunga zipo kwenye leseni. Mhudumu akianza kupanga viti juu ya meza, ameshasema. Usimlazimishe aseme kwa mdomo.

Kuondoka

Mshika fedha alipe, aombe hesabu isomwe kwa sauti, aache kitu kidogo kwa mhudumu na kwa mchoma nyama. Hesabuni watu, simu, makoti. Ule mfuko wa nauli sasa ufunguliwe. Mtu akikataa kuondoka kwa sababu "ndiyo kwanza kunakucha," asiachwe. Wawili wamshike mkono huku wakimuuliza habari za mpira. Aliyelewa sana alazwe kwa ubavu, mtu abaki naye. Asipoamka ukimwita na kumtikisa, au akipumua kwa kukoroma na kukatisha, huo si usingizi: mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo, na mseme ukweli amekunywa nini.

Kila mmoja akifika kwake, aandike neno moja kwenye kundi la simu: nimefika. Asiyeandika apigiwe.

Asubuhi kuna watakaokushauri kuzimua. Bia ya asubuhi huahirisha deni, na riba yake unaijua. Kunywa maji mengi, tafuta supu ya moto na chapati mbili, kaa juani.

Kisha pita njia ileile mliyopita jana. Kwenye grosari utamkuta yule dada anafagia chini ya mti, kreti tupu zimepangwa zikisubiri gari. Msalimie. Akikuangalia kidogo, akakukumbuka, kisha akauliza, "Mlifika salama?" basi matembezi yenu yalikuwa mazuri, na kiti chenu kipo.